Njia nne zitapandisha viwanja vya Mbeya, si pango la vyumba

Kilomita 29 za barabara ya njia nne inayojengwa kutoka Nsalaga, mashariki mwa jiji, hadi Ifisi, upande wa magharibi, zimebadilisha mazungumzo ya Mbeya. Kijiweni, kwenye vikao vya harusi, hata msibani watu wakisubiri chakula, mtu akitaja tu mafao yake au mkopo aliopata benki, swali linalofuata ni kiwanja chake kiko umbali gani kutoka barabarani. Walimu wastaafu, wauguzi, wafanyabiashara wa mchele na vijana walioko Dar es Salaam wanaotuma fedha nyumbani wote wameambiwa jambo moja: jenga vyumba sasa, barabara ikikamilika pango litapanda. Madalali wanalisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kesho. Mimi naona hesabu hiyo inachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa mbali tu. Barabara itapandisha bei ya viwanja, na kwa sehemu kubwa imekwisha kuipandisha hata kabla lami haijakauka. Pango la chumba ni habari nyingine. Linafuata mfuko wa mpangaji na idadi ya vyumba vinavyomsubiri, na barabara hii itaongeza vyumba upesi kuliko itakavyoongeza mifuko.

Mwenye kuijua Mbeya anajua kwamba jiji letu ni refu na jembamba. Upande wa kaskazini milima imelibana, na barabara kuu ya TANZAM, inayounganisha Tanzania na Zambia, ndiyo uti wa mgongo wake: Uyole, Nane Nane, Sae, Ilomba, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, kisha Mbalizi. Malori yote yanayokwenda na kutoka Tunduma yamekuwa yakipita humo humo pamoja na daladala, bajaji na mtoto anayevuka kwenda shule. Kwa miaka mingi anayeuza dukani Mwanjelwa amelipa pango kubwa zaidi Ilomba au Soweto kuliko ambalo angelipa Nsalaga kwa chumba cha ukubwa ule ule. Amekuwa akinunua nini kwa ile tofauti? Amenunua saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni, muda ambao angeupoteza kwenye foleni nyuma ya lori la mizigo. Sehemu ya pango la katikati ya jiji ni bei ya foleni.

Hapo ndipo mantiki ya madalali inapopinduka. Foleni ikipungua, kinachopungua thamani kwanza ni ukaribu. Mtu wa Mwanjelwa ataweza kuishi Iwambi, Mbalizi au Nsalaga akafika kazini kwa muda anaoutumia leo kutoka Sae. Ardhi inayofaa kwa mpangaji wa mjini itapanuka ghafla pande zote mbili za jiji, na kwenye ardhi hiyo tayari kuna maboma mengi yaliyosimama yakisubiri bati. Mwenye nyumba wa Ilomba ambaye hakuwahi kushindana na mwenye nyumba wa Ifisi ataanza kushindana naye. Mwenye nyumba wa Ifisi naye atakuta majirani kumi wamefikiri kama yeye. Dar es Salaam iliona jambo la aina hii ilipopanuliwa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Walioguswa kwanza ni wenye ardhi ya nje, kwa sababu kuishi Kibaha na kufanya kazi mjini kulianza kuonekana jambo la kawaida.

Kuna hoja nzuri za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba barabara huleta biashara, na biashara huleta watu wenye kipato. Hiyo ni kweli, ila inahusu zaidi fremu za maduka kuliko vyumba vya kulala. Fremu inayotazama barabara hupata wateja kutoka kwenye barabara yenyewe. Chumba kilicho mita mia tatu nyuma yake hakipati chochote kwa lori kupita. Ya pili ni kwamba kipato nacho kinapanda: kima cha chini cha mshahara serikalini kilitoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na ni wazi kuwa mwalimu mpya au mhudumu wa afya ana uwezo mkubwa wa kulipia chumba na sebule kuliko mwenzake wa miaka mitatu iliyopita. Hii naiona ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Lakini nyongeza ya mshahara wa mtumishi haimfikii mwanafunzi, mama lishe, dereva wa bajaji wala kijana wa kubeba mizigo sokoni, na hao ndio wanaojaza vyumba vya kawaida vya Mbeya. Mwanafunzi mwenye mkopo hupata shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi kwa pamoja. Chumba cha shilingi 70,000 kwa mwezi kinamla siku saba kamili kabla hajanunua hata kilo ya unga. Upana wa barabara hauongezi hata shilingi moja kwenye bumu lake.

Ya tatu ni kwamba ardhi haishuki bei, ni dhamana benki, na ni urithi wa watoto. Siipingi. Kama mtu ananunua kiwanja Nsalaga ili akiuze baada ya miaka minane, huenda akapata faida kubwa kuliko mimi na tahadhari zangu. Ninachoomba ni mtu huyo ajue anafanya nini. Kununua ardhi na kungoja ni shughuli moja. Kupangisha ni shughuli nyingine kabisa, yenye wateja, hasara, mikataba, matengenezo na kesi. Anayejenga vyumba sita juu ya ardhi ghali kwa kutazamia pango, kisha akajifariji kwamba "kiwanja kimepanda", amesahau kuwa kiwanja kilichopanda hakimlipii ada ya mtoto mpaka akiuze, na akikiuza vyumba vinakwenda pamoja nacho.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kuliko zote: nyumba haili. Ukinunua gari litakudai mafuta, ukifuga kuku watadai chakula, lakini nyumba imekaa tu inaleta hela. Sentensi hii imewaponza wazee wengi kwa sababu inasikika kama busara. Tuchukue mfano. Mtu amejenga vyumba sita vya self, kila kimoja na choo na bafu lake ndani, karibu na Iyunga, akiwalenga wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kiwanja, ujenzi, uzio na tanki la maji vimemgharimu milioni 45. Kila chumba ni shilingi 70,000. Kichwani mwake anahesabu sita mara elfu sabini mara miezi kumi na miwili, anapata 5,040,000, na anajiambia fedha yake itakuwa imerudi kabla ya miaka tisa. Sasa tuhesabu kwa mwaka kama unavyokuwa kweli. Vyuo vikifunga, wanafunzi wengi hawalipi likizo ndefu, kwa hiyo miezi ni kumi: 4,200,000. Chumba kimoja kikikaa wazi miezi mitatu zaidi, na katika vyumba sita hilo ni jambo la kutarajia, zinabaki 3,990,000. Kodi ya zuio, yaani ile serikali inayokata kwenye pango, ni asilimia 10: 399,000. Kodi ya jengo ni 18,000. Kunyonya karo la maji taka, kubadilisha vitasa, koki, taa, rangi na bati lililovuja tuseme 500,000. Kijana wa kuangalia nyumba kwa shilingi 40,000 kwa mwezi ni 480,000. Kinachobaki ni 2,593,000. Kwa milioni 45, hiyo ni chini ya asilimia 6 kwa mwaka, na fedha itarudi baada ya miaka kumi na saba na zaidi. Nyumba inakula, tena inaanza kula kabla ya mwenyewe.

Linganisha na hati fungani ya serikali ya miaka 25, yaani kuikopesha serikali fedha yako nayo ikakulipa riba. Benki Kuu iliposhusha riba yake mwaka 2022, wengi walilalamika kuwa imekuwa ndogo: asilimia 12.56. Kwa milioni 45 hiyo ni zaidi ya milioni 5.6 kwa mwaka, bila karo, bila bati, bila mtu kuhama usiku. Sisemi kila mtu akimbilie hati fungani. Zina udhaifu wao, na mkubwa ni kwamba ile milioni 45 itarudi ikiwa milioni 45 ile ile wakati bei za vitu zimekwenda mbali, jambo ambalo ardhi hujikinga nalo. Lakini mstaafu anapoambiwa kuwa vyumba ndiyo njia pekee ya kuishi baada ya kazi, anastahili kuwekewa hesabu zote mbili mezani. Hasa sasa ambapo mafao ya mkupuo si yale ya zamani. Kikokotoo cha mafao cha mwaka 2022 kiliwafanya wengi watoke kazini na fedha pungufu kuliko walivyopanga, na hata baada ya kurekebishwa mwaka 2024, kosa moja la ujenzi linaweza kumaliza kila kitu.

Niseme neno kuhusu kodi, kwa sababu hapa lugha yetu yenyewe imetuchanganya. Tunaita pango "kodi" na tunaita ushuru wa serikali "kodi", na serikali inapotoza kodi kwenye kodi, mpangaji na mwenye nyumba wote hudhani wanaonewa. Ile asilimia 10 haikuanza juzi. Imo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na mzigo wake ni wa mwenye nyumba hata pale mpangaji anapotakiwa kuikata na kuiwasilisha. Kodi ya jengo nayo, tangu ilipohamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021, hukatwa kwa anayenunua umeme. Sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwenye nyumba yenye wapangaji sita na LUKU moja, anayeweka umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayelipa deni la mwenye nyumba, na nimeona majirani wakikosana kwa sababu ya fedha isiyozidi nauli ya kwenda Mbalizi na kurudi. Mwenye nyumba makini angeipunguza kwenye pango yakaisha. Kodi hizi zinaudhi, lakini si ndizo zinazoua faida. Kwenye mfano wangu, miezi miwili ya likizo peke yake imekula 840,000, mara mbili ya kodi zote za serikali zikijumlishwa.

Kinachoua ni usimamizi, na hapa nina la kusimulia. Shangazi yangu alijenga vyumba vitano Ilomba, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikifuatilia pango kwa niaba yake. Mwangalizi wa kwanza alikuwa binamu yetu, aliyekaa chumba cha tano bure. Alipokea pango la mwezi mmoja akachelewa kulituma, mwezi wa pili akatuma nusu, wa tatu akasema wapangaji wana shida. Wapangaji walikuwa wamelipa. Hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa sababu kumtoa ilikuwa kesi ya ukoo mzima, na shangazi alisema bora fedha ipotee kuliko undugu. Mwaka wa nne, msimu wa mvua, karo likatitia usiku na pango la mwaka mzima likaenda kwenye kulijenga upya. Shangazi hakuwa ametenga hata shilingi moja kwa ajili hiyo.

Tatizo la binamu ni la nyumba nyingi za nyanda za juu kusini ambazo wenyewe wako Dar es Salaam au Dodoma. Mtu anampa ndugu usimamizi ili kuokoa ujira, kumbe anajinyima haki ya kudai hesabu. Mgeni unayemlipa unaweza kumwambia alete daftari, mjomba huwezi. Najua si rahisi kumlipa mgeni wakati ndugu amekaa bila kazi, na ningependa kuona familia zikimlipa ndugu huyo huyo kwa mkataba, kila chumba kikilipiwa kwa simu moja kwa moja kwa mwenye nyumba, naye akabaki kuangalia maji, taka na usalama. Fedha isipopita mkononi mwake, undugu utapona.

Dalali naye afahamike anavyoishi. Anapata pango la mwezi mmoja kila mpangaji mpya anapoingia. Mpangaji akikaa miaka mitano, dalali amelipwa mara moja. Wakipishana watano katika miaka hiyo, amelipwa mara tano. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini mwenye nyumba anayemwachia dalali kazi ya kuchagua mpangaji ameiweka kazi hiyo kwa mtu anayefaidika mpangaji akihama.

Halafu kuna pango la miezi sita. Kila mwaka wapangaji hulalamika, na wanasiasa huahidi kwamba watu watalipa mwezi kwa mwezi. Malalamiko ni ya haki, maana mtu anayelipwa kwa mwezi hulazimika kukopa ili apate paa. Lakini tuulize kwa nini mwenye nyumba anang'ang'ania. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mabaraza yake yakaondoka nayo. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa nyumba. Linasuluhisha tu, kwa muda wa siku 30, na usuluhishi ukishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la shilingi 210,000, nani atafunga duka siku kadhaa kwenda kungoja shauri litajwe? Wengine huishia kung'oa mlango au kukata umeme, na hapo mwenye haki anageuka mkosaji. Malipo ya miezi sita ni bima ya mtu asiyeamini kuwa sheria itamfikia kwa wakati. Kuyapiga marufuku bila kuharakisha mashauri madogo kutawafanya wenye nyumba waongeze pango, au wachague wapangaji kwa kabila na kanisa, watu wanaowafahamu tayari. Mkataba wa maandishi ungesaidia pande zote mbili, lakini mikataba mingi tunayosaini ni karatasi moja ya kununua stesheneri, haijalipiwa ushuru wa stempu, na mkataba wa namna hiyo unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Iringa inatoa picha ya kule tunakoelekea. Mji ule una Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa, na mitaa kama Kihesa imejengwa kwa kutegemea kalenda ya masomo. Mwenye nyumba wa pale aliyejifunza amechanganya wapangaji: vyumba vitatu vya wanafunzi, viwili vya familia. Familia inalipa kidogo kwa chumba, inapika kwa mkaa na kuchafua ukuta, lakini hata Agosti vyuo vikifungwa yenyewe ipo, na ikiwa na mtoto shuleni haihami ovyo. Huku Mbeya bado tunajenga vyumba sita vinavyofanana, kwa mpangaji wa aina moja, na msimu mmoja.

Na kuna maji. Nimegundua kwamba mtu anapozunguka kutafuta chumba, haulizi lami iko wapi. Anafungua koki. Mtaa wenye lami lakini maji ya siku mbili kwa wiki hauwezi kupandisha pango dhidi ya mtaa wa vumbi wenye maji kila siku. Ndiyo maana, kama ningelazimika kutabiri pango litapanda wapi Mbeya katika miaka ijayo, ningeacha kufuata barabara na kufuata mabomba ya mradi wa maji wa mto Kiwira: yatafika mitaa gani, na lini. Tanki la lita elfu tano juu ya mnara huenda likaongeza pango kuliko marumaru na jipsamu zinazomaliza fedha za watu, kisha ukungu unaoota kwenye unyevu ukazivamia kwa sababu nyumba haina madirisha ya kutosha.

Jiji likilitazama hili vizuri, lina kazi ya kufanya kabla barabara haijakamilika. Viwanja vya Iwambi na Nsalaga vinauzwa leo kwa vipande vidogo visivyo na njia ya gari la kunyonya karo wala mtaro wa maji ya mvua yanayoshuka kutoka milimani. Baada ya miaka mitano vyumba vitakuwa vimejaa huko, pango litakuwa dogo kwa sababu kila mtu amejenga, na mwenye nyumba hatakuwa na uwezo wa kurekebisha uchafu aliouzalisha. Kupima na kuacha njia sasa ni rahisi kuliko kubomoa kesho, na halmashauri inayotazamia kodi ya majengo hayo ina sababu ya kifedha ya kufanya hivyo mapema.

Kwa mstaafu aliyeshika kiinua mgongo chake na kuitwa kila siku kwenda kuona kiwanja, nina ombi moja. Asilipe mwezi huu. Angoje Agosti, vyuo vikiwa vimefungwa, aende mtaa huo jioni bila dalali, atembee kati ya nyumba za kupanga, afungue koki ya mtu kwa ruhusa yake, na ahesabu milango mingapi ina kufuli kwa nje.